Dada F. wa Ghorofa ya Chini

Gyuhwan alikuwa na siri moja tu katika mji wa Irbid, na siri hiyo ilijulikana na muuza mboga, kinyozi, mlinzi wa lango la chuo, na yumkini paka wa mtaa pia. Kwenye kibali chake cha ukaazi aliandikwa kuwa ni mtaalamu wa lugha. Mbele yake tulimwita Ustadhi Mkorea. Akishapita tulimwita kasisi. Alipokatiza mtaani na Biblia aliyoifunika kwa gazeti la michezo, sisi majirani tuligeuza nyuso kwa adabu, maana si vizuri kumwangushia mtu siri aliyoibeba kwa taabu namna ile.

Mkewe, Eunsil, ndiye aliyefanya kazi. Walikuwa na binti mmoja waliyempa jina la Haram, jina zuri kabisa huko kwao, hadi walipofika kwetu na kuelezwa maana yake. Tangu siku hiyo mtoto akawa Rima. Hayo tuliwasamehe. Mtu hawezi kujua kila kitu kabla ya kusafiri, hata kama amesafiri kuja kuwafundisha wengine.

Kila Jumamosi alasiri wasichana kumi na watano wa chuo kikuu walipanda hadi ghorofa ya tatu kujifunza Kikorea. Eunsil alikuwa amevuka nusu ya dunia kuwaletea Yesu. Wao walikuwa wamevuka barabara kumuuliza kama waigizaji wa tamthilia za kwao ni warefu kweli au ni viatu. Kila upande ulimvumilia mwenzake. Eunsil aliwatengenezea wali uliokunjwa ndani ya mwani, wakala, wakacheka, wakaandika herufi. Lakini kila alipofunga daftari na kusema, "Sasa nitawasimulia kisa cha mwana mpotevu," wasichana kumi na wanne walikumbuka papo hapo kwamba kesho wana mtihani.

Wa kumi na tano alibaki, kwa kuwa alikuwa bado na swali la sarufi. Huyo alikuwa Bilkis, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, binti wa kaka yake Umm Kutaiba mwenye nyumba. Bilkis alikuwa ameomba nafasi ya kwenda kusoma Seoul, na baba yake, muuza matairi mwenye maneno machache na hasira nyingi, alikuwa bado anafikiria kama atatia sahihi.

Jumamosi moja ya mwezi wa pili karatasi za mazoezi zilikwisha. Eunsil alikuwa mtu asiyetupa karatasi iliyochapwa upande mmoja, akafungua mtoto wa meza, akatoa rundo na kuwagawia wasichana waandike upande mweupe. Bilkis aliandika mistari minne, wino ukapenya. Akageuza karatasi kuona umepenya kiasi gani, na macho yake, bila kuombwa, yakaanza kusoma.

Hapo ndipo ubaya wa kuwa mwalimu hodari. Eunsil angefundisha ovyo kama walimu wengine, yule msichana angeona michoro tu. Lakini alikuwa amemfundisha miaka mitatu kwa moyo wote, na Bilkis akasoma pale bila kukwama hata mara moja: *Barua ya Maombi, namba thelathini na moja.* Akaikunja mara nne, akaitia mkobani. Siku hiyo hakuwa na swali la sarufi.

*

"Soma tena hapo pa chakula," alisema Umm Kutaiba.

Alikuwa jikoni kwake, akitoa moyo wa maboga madogo ayajaze mchele, na kisu kilikuwa kimesimama hewani.

"Shangazi, hapo si ndipo penye tatizo."

"Soma."

Bilkis akasoma, akitafsiri polepole. "'Dada F. ni mjane wa ghorofa ya chini. Anaishi gizani, lakini roho yake ina njaa. Hutuletea chakula kidogo alicho nacho, kama mjane wa Sarepta.'"

"Kidogo." Umm Kutaiba akaweka kisu chini. "Ile makluba ya wali na mapaja sita ya kuku, sinia lake lilikataa kupita mlangoni mpaka mume wa Eunsil akaliinamisha, mafuta yakamwagika ngazi nzima, nikazisugua ngazi mimi mwenyewe. Kidogo! Na huyo wa Sarepta ni nani? Anakaa wapi?"

"Yumo kwenye Biblia, shangazi. Alikuwa anakufa kwa njaa."

"Haya. Endelea."

"'Tulipomwombea mguu wake alilia machozi na kuinua mikono juu.'"

"Siku ile alikuwa ametimiza miaka minne tangu afe, marehemu mume wangu Abu Kutaiba. Nililia tangu alfajiri, wao walinikuta saa nne. Mikono niliinua kuitikia amina. Mtu akikuombea mguu wako utamwambiaje? Koma?"

Bilkis hakucheka. Machozi yalikuwa yamemjaa machoni. "Mimi pia nimo. 'B. ni mpwa wake, mwanafunzi wa chuo. Amebakiza hatua moja tu. Ombeni ili familia yake isimzuie.'"

"Hatua moja ya kwenda wapi?"

"Ya kuwa Mkristo."

Umm Kutaiba akamkazia macho. "Na wewe umebakiza ngapi?"

"Shangazi! Mimi nilikuwa nauliza sarufi!"

"Nimeuliza tu."

"Iko kwenye mtandao wa kanisa lao. Nimeitafuta, nimeiona. Kuna na picha yetu sebuleni kwako. Nyuso wamezifuta, lakini pazia lako liko palepale, na maua yake yote. Rafiki zangu nusu ya darasa wanasoma Kikorea sasa. Mmoja akiiona, akamwambia kaka yake, kaka yake akamwambia baba..." Baba angemtoa chuoni kabla ya adhana ya Magharibi, na safari ya Seoul ingekuwa hadithi ya kusimulia majirani.

Umm Kutaiba alinawa mikono. Simu yake ilikuwa juu ya friji. Mwanawe Kutaiba alikuwa na rafiki katika ofisi ya vibali, na simu moja ingetosha. Asubuhi ya Jumatatu Wakorea wangekuwa wanafunga masanduku. Aliitazama ile simu. Kisha akavaa jilbabu, akachukua barua, akaanza kupanda ngazi arobaini na nane kwa goti lililopasuliwa mwaka jana.

*

Gyuhwan alifungua mlango. Kiarabu chake alikuwa amekisoma vitabuni na redioni, na alizungumza na muuza nyanya kama anayetangaza kifo cha mfalme.

"Ewe jirani mtukufu! Karibu katika makao yetu."

"Acha taarifa ya habari. Dada F. ni nani?"

Aliiona karatasi. Uso wake ulipauka, ukawa mwekundu, ukapauka tena. "Hilo... hilo ni jina la kificho. Kwa ajili ya usalama wako."

"Usalama wangu! Uso wangu umeufuta, pazia umeliacha. Pazia nimelishona miaka miwili, hakuna mwanamke mtaa huu ambaye hajanisumbua nimwonyeshe mshono. Uso wangu ndio wengi hawaukumbuki!"

"Ewe mama, ifahamike kwamba hiyo ni lugha ya kanisa. Walio mbali wanahitaji kuguswa mioyo."

"Na sisi wa karibu tunaitaje? Kwetu lugha hiyo ina jina, inaitwa uongo. Huyu mtoto wa kaka yangu atauawa kwa ulimi wa watu kwa ajili ya mioyo ya walio mbali?"

Eunsil alikuwa ametoka jikoni. Alipiga magoti pale kwenye marumaru, mikono mapajani, kichwa chini, kama wafanyavyo kwao mtu akikosa kosa lisilo na maelezo.

"Inuka," alisema Umm Kutaiba. Eunsil hakuinuka. "Inuka, nimesema! Goti langu bovu, siwezi kushuka huko kukuinua."

Eunsil akainuka.

"Itoeni leo."

Mume na mke wakatazamana. Barua ikishafika kwa kanisa, akaeleza Gyuhwan, safari hii kwa Kiarabu kilichoanza kupoteza ufasaha, haikuwa mali yao tena. Mwenye amri ni Mzee Seok, mwenyekiti wa kamati ya misheni. Yeye anaweza kuiondoa. Na yeye, kwa bahati, angefika Alhamisi, pamoja na watu wengine saba wa kanisa.

"Wanakuja kufanya nini?"

Gyuhwan alitazama soksi zake.

"Wanakuja kukuona wewe," alisema Eunsil.

Umm Kutaiba akaikunja barua, akaisukuma ndani ya mfuko wa jilbabu. "Basi wageni wangu watakula kwangu. Wanane, siyo? Wanakula kondoo?"

Mlango ulipofungwa, mume na mke walizozana kwa sauti za chini, kwa lugha yao, na kuta za jengo lile ni nyembamba hata ugomvi usioeleweka unaeleweka.

"Atatufukuza mbele ya Mzee," alisema Gyuhwan. "Ameamua kutuaibisha kwanza."

"Ana haki."

"Wewe ndiye uliyeandika."

"Na nani aliyesema barua ya kabla yake haina moto? Nani aliyesema watu wanasinzia ikisomwa? Uliniambia niongeze, nikaongeza. Yale ya kweli niliyoandika uliyafuta."

"Yale ya bafuni? Nani atakayeguswa na habari za bafuni, Eunsil?"

Eunsil alikwenda kukusanya karatasi zote za mtoto wa meza, akazichana moja moja, jambo ambalo lingefaa zaidi wiki moja mapema.

*

Walifika Alhamisi saa saba mchana. Walikuwa wameonywa wasijitambulishe kama kanisa, wasivute macho ya watu, kwa hiyo wote wanane walivaa fulana za njano za aina moja na kofia za njano za aina moja, wakashuka kwenye basi dogo katikati ya mtaa wakimwinamia kila mtu, pamoja na mlinzi. Mtaa mzima ulitoka kuwatazama. Hata kinyozi aliacha kichwa cha mtu nusu.

Mzee Seok alikuwa na kiwanda cha mito ya kulalia na sauti ya mtu aliyezoea kufungua mikutano. Nyuma yake alikuja bibi mmoja mfupi, Bibi Pyo, mjane wa miaka sabini na mbili, akishika ukuta kila hatua. Umm Kutaiba aliwapokea mlangoni kwa gauni lake jeusi la mshono mwekundu, lile la harusi na misiba mikubwa. Sebuleni kulikuwa na sinia la mansafu pana kama gurudumu la gari, kondoo juu ya wali, lozi juu ya kondoo, mchuzi wa maziwa ukifuka moshi. Pazia lilikuwa limefuliwa.

Bilkis alikaa kando ya shangazi yake kutafsiri. Alipofungua mdomo kuwakaribisha, wale wageni walishangilia. Kikorea chake kilikuwa safi kuliko cha wajukuu zao. Mzee Seok akamgeukia Gyuhwan kumpongeza. Gyuhwan aliinamisha kichwa kama mtu anayepongezwa kwa kuwasha moto uliounguza nyumba yake.

"Mwulize Dada F.," alisema Mzee Seok, akitoa kidaftari, "tangu lini roho yake ilianza kuona njaa."

Bilkis akatafsiri. Umm Kutaiba akatikisa kichwa polepole.

"Mwambie ale kwanza. Anayeuliza habari za njaa mbele ya kondoo mzima, aanze kupimwa macho."

"Shangazi anasema karibuni chakula," alisema Bilkis kwa Kikorea.

"Mbona maneno yangu yamekuwa machache? Nilisema mengi kuliko hayo. Tafsiri yote."

Bilkis akatafsiri yote. Kalamu ya Mzee Seok ikasimama.

"Sasa mwambie hivi," aliendelea Umm Kutaiba. Akaitoa ile barua, akainyoosha gotini. "Dada F. ndiye mimi. Jina langu ni Nawal, na nyumba hii yenye ghorofa tatu ni yangu, mume wangu aliijenga. Hawa wawili walikuja hapa wamekonda, mtoto wao anakohoa, nikawapa chakula kwa sababu ni jirani zangu. Niliyelia ni mimi, kweli, na niliyemlilia ni mume wangu. Siishi gizani, umeme nalipa. Na huyu ndiye B."

Bilkis alijisemea mwenyewe hapo. Heshima zote za sarufi alizipanga mahali pake. "Mheshimiwa Mzee, mimi sijabakiza hatua yoyote. Nampenda mwalimu wangu na napenda lugha yenu. Baba yangu akiyaona yale mliyoyaweka mtandaoni, sitasoma tena."

Mzee Seok alimgeukia Eunsil, hakumgeukia Gyuhwan, maana lawama nayo hupenda njia fupi. "Ni kweli haya?"

Eunsil alijibu kwanza kwa Kikorea, kisha akarudia kwa Kiarabu ili mwenyeji naye asikie. "Ni kweli. Nilitunga. Miaka sita hakuna aliyebatizwa hapa, hata mmoja. Niliona aibu kuwaandikia hivyo."

Gyuhwan alifumba macho. Mmoja wa wageni aliguna. Na hapo tungedhani mambo yamekwisha, mwenye nyumba ameshinda, wageni wapewe kahawa waende. Lakini Umm Kutaiba alikuwa hajamaliza.

"Niliposhonwa goti," alisema, "mwanangu yuko Amman na mke wake ana mimba kubwa. Huyu mwanamke alishuka ngazi arobaini na nane kila asubuhi kuniogesha. Aliniogesha mwili mzima, kama mtoto, akanisuka nywele, akaniosha na choo, tusifichane. Mwulizeni siku ngapi. Hakunihubiria hata neno, alikuwa na haraka ya kumpeleka mtoto shule. Hilo nimelitafuta kwenye karatasi yenu, sikuliona. Bilkis, ulisoma vizuri? Limo?"

"Halimo, shangazi."

Bibi Pyo, ambaye hakuwa amesema neno tangu ashuke kwenye basi, alimwuliza Eunsil taratibu, "Siku ngapi?"

"Ishirini na moja."

"Kwa nini hatukuandikiwa hilo?"

"Hilo, Bibi," alisema Mzee Seok, "kwa utaratibu wa kamati, si taarifa ya huduma."

Bibi Pyo alimtazama, akatazama sinia, akamtazama Umm Kutaiba. "Miezi minane," alisema, "kila Jumatano nimefunga kula kwa ajili ya njaa ya mama huyu. Kati yetu wawili, aliyekuwa na njaa ni mimi."

Bilkis alipotafsiri hilo, Umm Kutaiba aliguna, akajaribu kujizuia, akashindwa. Alicheka mpaka akashika ubavu, na Bibi Pyo naye akacheka akiziba mdomo kwa kiganja, na vijana wa fulana za njano wakatazamana wasijue kama utaratibu unaruhusu. Kisha Umm Kutaiba akapasua kipande kinono cha bega la kondoo kwa mkono wake, akakiweka mbele ya yule bibi. "Kula. Miezi minane si mchezo."

Kabla ya kukigusa, Bibi Pyo alitoa simu. Mpwa wake ndiye aliyetunza mtandao wa kanisa, na huko kwao wakati huo alikuwa mezani akila cha jioni. Mzee Seok alianza kusema kwamba jambo kama hili linahitaji kikao. Bibi Pyo alimwambia mpwa wake aache kijiko. Kahawa ilipokuja yenye harufu ya iliki, barua namba thelathini na moja ilikuwa haipo tena mtandaoni, na wale bibi wawili walikuwa wamepandisha nguo wanalinganisha makovu ya magoti yao, huku wanaume wakisoma dari kwa makini.

*

Muuza matairi alisikia, kama kila mtu alivyosikia, kwamba watu wanane wa njano wamekula kwa dada yake. Akaja kuuliza.

"Walikuja, wakasikia jinsi binti yako anavyosema lugha yao," alimwambia Umm Kutaiba. "Wakasema hata wajukuu zao hawasemi vile."

Hakukuwa na neno la uongo ndani yake. Muuza matairi alikaa na sifa hiyo wiki tatu, akaisimulia dukani kwa wateja wasiomuuliza, na mwezi wa nne akatia sahihi.

Barua ya kanisa ilifika mwezi huohuo. Ilianza kwa baraka, ikamalizia kwa baraka, na katikati, baada ya maombi mengi, kamati iliona kwamba shamba la Irbid ni gumu, hivyo familia ihamie nchi nyingine ambako mavuno yako tayari. Kwa miaka sita Gyuhwan alikuwa amelala na jicho moja, akiogopa polisi, akiogopa ofisi ya vibali, akimwogopa mwenye nyumba. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyemgusa. Aliyemfukuza alimsalimia kwa jina la Bwana.

Siku ya kurudisha funguo alishuka peke yake. Kile Kiarabu cha redioni kilikuwa kimemwishia njiani.

"Umm Kutaiba, niliogopa," alisema. "Niliogopa kurudi kwetu mikono mitupu."

"Nani amekuambia utarudi mikono mitupu?" Akaingia ndani, akatoka na dumu la zeituni la kilo tano na fungu la majani ya saji yaliyokaushwa, ya kutia kwenye chai. Gyuhwan alisema mizigo yao imeshajaa. Umm Kutaiba alimwuliza kama ameombwa maoni. Akavibeba vyote viwili.

Teksi ya uwanja wa ndege ilikuja saa tatu asubuhi. Wasichana wa Jumamosi walikuwa wamekuja wote kumi na watano, na safari hii hakuna aliyekumbuka mtihani. Bilkis alilia hadharani, akamuaga mwalimu wake kwa heshima zote za juu, na yule mwalimu, akiwa na kamasi na machozi, akamsahihisha kitenzi kimoja.

Wa mwisho alikuwa Umm Kutaiba, amesimama kizingitini. Eunsil alimshika mikono yote miwili.

"Umenisamehe?"

Umm Kutaiba alimrekebisha kola ya koti iliyokuwa imejikunja, kwanza upande mmoja, kisha wa pili.

"Nilikusamehe siku ileile, ulipokuwa bado chini kwenye marumaru," alisema. "Lakini hilo, binti yangu, usimwandikie mtu."